Raha ya Kuijua Mboga

Mhadhara uliotolewa Moi's Bridge mbele ya walimu, wakulima na wafanyabiashara wa sokoni

Kabla sijaingia katika maudhui yangu napenda kutoa shukrani mbili. Ya kwanza ni kwa wenyeji wa ukumbi huu, walionialika mimi mstaafu ambaye sina cheo tena ila kile cha mtu anayeonekana kila asubuhi akiwa na jembe begani. Ya pili ni kwa mvua, kwa hisani yake ya kutoanza bado, maana lau ingalianza nisingalipata wa kunisikiliza leo ila wale wasio na shamba, na hao hapa kwetu ni wachache.

Kusudi langu ni kusema juu ya raha. Nalirudia neno hilo kwa kuwa najua halikutarajiwa. Katika miaka niliyoishi huku nimekaa katika mikutano mingi ya kilimo, nikawasikia wasemaji hodari wakituhimiza tupande mboga na tununue chakula cha karibu kwa ajili ya faida, au kwa ajili ya afya, au kwa ajili ya kuipenda nchi, na sina ugomvi na hata moja la hayo. Lakini nimeona pia kwamba mtu aliyepanda mnavu kwa sababu aliambiwa una madini ya chuma huupanda mwaka mmoja, kisha akapata udhuru, ilhali yule aliyewahi kuukosa mezani akaona chakula chake kimepooza hana haja ya kuhimizwa na mtu, maana ulimi wake ndio afisa wake wa kilimo. Nami nadai, na huu ndio uzi nitakaoufuata, kwamba raha hiyo haitoki katika mboga peke yake bali katika kuijua: kujua ilichumwa lini, na nani, katika udongo gani, na ilipitia mkasa gani kabla haijafika sahanini.

Imepasa pia mjue ni nani anayesema nanyi. Mimi ni mtu wa Mombasa, niliyekulia katika nyumba ambayo mboga zilitoka soko la Marikiti ndani ya kikapu cha ukindu, mchicha na mnavu na mchunga, zikapikwa kwa tui la nazi. Ualimu ndio ulionileta huku nikiwa kijana, nami nilifika nikiwa na yakini kwamba watu wa bara hawajui kupika mboga. Yakini hiyo nimeilipia kodi tangu wakati huo, na mhadhara huu, mkipenda, uhesabuni kuwa sehemu ya malipo. Wala si mimi wa kwanza kutoka pwani kuja kula huku. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, na mojawapo ya mambo yaliyoifanya itue pale ni kwamba chakula kilikuwapo cha kutosha kuwalisha wapagazi. Walikula, wakajaza mifuko, wakaendelea na safari. Mimi nimekula nikabaki.

Sasa niuseme mji wetu. Mji huu ulizaliwa na njia. Uliitwa Hoey's Bridge kwa jina la Arthur Cecil Hoey, mwindaji na mlowezi aliyejenga daraja la kuvukia mto Nzoia. Reli ikafuata, ikafika Kitale mwaka 1926. Kisha daraja na mji vikapewa jina la Daniel arap Moi. Tangu mwanzo, basi, watu na mizigo wamekuwa wakipita hapa kwenda kwingine, Kitale kaskazini, Soy na Eldoret kusini, Kakamega na Bungoma magharibi, na tabia ya njia imetuingia hata jikoni, tukawa watu wa kupitisha chakula kuliko kukaa nacho. Hata jirani zetu wa barabara ya Soy, ambao mji wao waitwa Matunda, machungwa yao, kama yetu, huletwa na lori.

Ajabu yenyewe ni hii. Tunaishi katika ghala la Kenya. Trans Nzoia na Uasin Gishu zikikohoa, Nairobi hulala bila ugali. Maghala ya Bodi ya Nafaka yako hapa hapa mjini, na msimu wa kuuza ukifika malori hupanga foleni. Lakini ingieni katika boma lolote lililo kando ya barabara mwezi wa Julai, mtaona mahindi yamepandwa hadi ukutani, hata mtu akitaka kufungua dirisha inambidi kwanza asukume majani. Na saa kumi na mbili jioni mtamwona mama wa boma hilo akitoka na shilingi zake kwenda kununua fungu la sukuma wiki lililoletwa kwa pikipiki kutoka asikokujua. Ameuzungushia ukuta wake ekari mbili za chakula, na hana jani la kitoweo. Simlaumu, mahindi ndiyo ada ya shule. Nasema tu kwamba kati ya ukuta na mstari wa kwanza wa mahindi pangeweza kubaki hatua nne za udongo mzuri, na hatua nne hizo ndizo ninazozitetea leo.

Kabla ya hoja zangu niondoe tatizo moja la lugha, kwa kuwa walimu wenzangu watalitaja nisipolitaja. Chakula cha kienyeji ni kipi? Mahindi, tunayoyaona kuwa mila yetu, babu yao alitoka ng'ambo ya bahari. Na aina iliyobadili maisha ya nyanda hizi, ile chotara ya 611 iliyotolewa Kitale mwaka 1964, mzazi wake mmoja ni wa Kitale na wa pili aliletwa kutoka Ekwado, katika Marekani ya Kusini. Hata Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, ilianza na mbegu za nyasi za malisho. Maharagwe na nyanya ni wageni kadhalika. Kabichi ni mgeni, na sukuma wiki ni binamu yake. Ukitafuta wenyeji wa damu utabaki na wimbi, mtama, kunde, mnavu, mgagani, mrenda na wenzao wachache. Mimi siufuati ukoo. Kwangu chakula cha kienyeji ni kile ninachoweza kumwendea mkulima wake kwa miguu nikamwuliza habari zake na kurudi kabla ya adhuhuri. Na kwa kipimo hicho kabichi ya jirani ni mwenyeji, na mnavu uliosafiri usiku kucha ndani ya gunia ni mgeni, hata kama ni wa asili.

Hoja ya kwanza ni ya ladha, na ladha, mabibi na mabwana, ni jambo la saa. Sina haja ya kuwathibitishia wakulima jambo hili kwa mahindi. Hindi bichi likivunjwa katika bua huanza papo hapo kuigeuza sukari yake kuwa wanga, kwa hiyo lile linalochomwa kando ya shamba, makaa yakiwa tayari kabla halijavunjwa, na lile lililolala kwenye mkokoteni siku mbili likachomwa stendi, ni vyakula viwili vyenye jina moja. Mtoto wa hapa hulijua hilo bila kufundishwa. Mtu wa Nairobi hawezi kulijua hata akilipa fedha nyingi, kwa kuwa utamu huo haubebeki, na hili ndilo jambo ninalolipenda zaidi kulifikiri: kwamba kuna anasa ambayo tajiri wa mjini hawezi kuinunua, na mchungaji wa Moi's Bridge huila bure mwezi wa Agosti akiwa amesimama.

Lakini nataka kukaa zaidi kwenye mboga za majani, na hasa mnavu, ambao hapa wote mnauita managu kwa jina la Kikuyu, ijapokuwa kila kabila lililoketi humu lina jina lake: Waluhya lisutsa, Wajaluo osuga, Wakisii rinagu, Wakalenjin isochot. Mgagani nao ni saga kwetu sokoni, dek kwa Wajaluo, chinsaga kwa Wakisii. Na mrenda ni murere Bungoma na apoth Kisumu. Mtu asidhani nahesabu majina kwa kujionyesha. Mboga yenye majina mengi kiasi hicho ni mboga iliyojulikana kwa karibu na wengi, na kila jina lina namna yake ya kupika inayolifuata. Nilipofika huku nikitokea kwenye tui la nazi, nililetewa mnavu uliochemshwa ukamwagwa maji ya kwanza, ukatiwa maziwa, ukalazwa usiku, ukapashwa moto kesho yake na kuongezwa maziwa tena, ukalazwa usiku wa pili. Niliuona umekuwa mweusi nikakata tamaa. Kisha nikauonja. Ule uchungu, ambao kwetu pwani tuliufunika kwa nazi kama mtu anayefunika aibu, ulikuwa haukuondolewa bali umetulizwa, umebaki nyuma ya ulimi kama neno la mzee aliyekwisha kukaripia na sasa anacheka. Nikauliza umepikwa saa ngapi, nikajibiwa, "Tangu juzi, Mwalimu."

Mrenda pia una siri yake. Huchemshwa kwa kutiwa maji ya majivu, yaliyochujwa kutoka majivu ya maganda ya maharagwe makavu, nayo hulainisha jani na kuihifadhi rangi yake. Siku hizi wengi hutia magadi, na wapo wanaotia unga wa kuokea keki, nami sitawahukumu mbele ya watu. Ila aliyepata kuuonja ule wa majivu atakuambia kwamba magadi ni haraka na majivu ni upishi. Na mrenda peke yake ni mtelezo mtupu; wanaoujua huuchanganya na kunde au mgagani ili mmoja utelezeshe na mwingine utafunike. Ndoa za namna hiyo hazikuandikwa popote. Zilijaribiwa na akina bibi, moja baada ya moja, na zile zilizoshindwa hatuzisikii.

Kulikuwa na wakati, nao si wa zamani, mboga hizi zilidharauliwa. Zilikuwa mboga za shida, za kuchumwa kando ya njia wakati kabichi imekosekana, na mgeni wa heshima hakuwekewa. Katika walioigeuza dharau hiyo kwa elimu simwachi Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, mtoto wa magharibi mwa Kenya, ambaye utotoni mwili wake haukupatana na vyakula vya wanyama akalelewa kwa mboga hizi, kisha akazifanya kuwa taaluma ya maisha yake, akazichunguza mbegu zake na lishe yake mpaka wanaodharau wakakosa la kusema. Na mwaka 2021 UNESCO ikauingiza mpango wa Kenya wa kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano mizuri ya kuhifadhi urithi. Leo hoteli za Eldoret huandika managu kwenye karatasi zao za vyakula kwa bei ambayo ingemchekesha bibi yangu wa Marikiti mpaka ashike mbavu.

Hoja ya pili ni ya sokoni. Naijua raha ya duka kubwa, ya baridi yake na mwanga wake, wala sikatai kwamba karoti zake zimenyooka. Lakini pale ninunuapo kwa kimya nalipa kwa kimya, na mtu wa pekee niliyesema naye ni mlinzi wa mlango. Sokoni hununui mboga tu, unanunua na habari yake. Niruhusuni niwasimulie mazungumzo ya wiki iliyopita, ambayo mwenyewe yumo humu ukumbini na amenipa ruhusa, mradi nisimtaje jina. Nilisimama mbele ya meza yake nikanyoosha mkono kwenye fungu la saga lililokuwa zuri kwa macho.

"Hiyo uwache, Mwalimu," akasema. "Hiyo ni ya jana, niliimwagia maji. Ngoja nikupee ya leo."

Akainama chini ya meza, akatoa jingine ambalo lilikuwa na udongo mizizini. Nikamwuliza kwa nini yale mazuri yako juu na mazuri zaidi yako chini. Akasema, "Ya juu ni ya watu wa gari." Kisha akaongeza konzi moja ya nyongeza, bila kuombwa, akaniuliza kama goti la mke wangu limepata nafuu.

Hapo pana elimu ya biashara ambayo sikuwahi kuifundisha darasani. Mteja wa gari anauziwa sura. Mteja wa kila siku anauziwa ukweli, kwa sababu kesho atarudi. Uaminifu haukuletwa na uchamungu wa mama huyu, ingawa sina shaka nao, bali na kujuana. Hata gorogoro, lile kopo la kilo mbili tunalopimia mahindi na maharagwe, lina adabu yake: wapo wanaolibonyeza tako ili lipungue ndani, na kila mtu sokoni anamjua mwenye gorogoro iliyobonyea, hakuna haja ya polisi. (Naona mnacheka na kutazamana. Sikumtaja mtu.) Mnunuzi wa mbali hana habari hizo, kwa hiyo hulipa zaidi kwa kutojua. Na mnunuzi wa karibu, akimlipa mkulima mkononi, hamwachii dalali nafasi ya kusimama katikati. Shilingi aliyotoa asubuhi ataiona jioni kwa fundi cherehani, au kwenye sahani ya sadaka Jumapili, imebadilika sura kidogo tu.

Sharti niseme pia, kwa insafu, kwamba soko la karibu lina kasoro zake. Mwezi wa Mei, mvua ikiwa imejaa, sukuma wiki huwa nyingi hata mtu akaona haya kuiuza. Mwezi wa Februari, jua likiwa limekausha kila kitu, fungu hupungua likawa la majani matano na bei ikapanda maradufu. Anayekula cha karibu hana budi kula kwa kalenda. Wengine huona hiyo ni adha. Mimi nimefika umri wa kuona kwamba kuisubiri kunde mpya ya mwezi wa Aprili ni sehemu ya kuila.

Hoja ya tatu ni ya bustani, na hapa nitaungama, maana siwezi kusifu jembe nikaficha aibu yangu. Mwaka wa kwanza nilipostaafu nililima kipande nyuma ya nyumba, nikapanda sukuma wiki mistari sita iliyonyooka kama madawati, nikasoma vitabu viwili, nikanunua kopo la kumwagilia la rangi ya kijani, nikawaalika wenzangu waje waone. Walipokuja, vidukari walikuwa wameshakula mistari minne. Majani yalikuwa yamejikunja, meupe chini kama yaliyonyunyiziwa unga, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yao nikieleza nafasi kati ya mche na mche. Jirani yangu, ajuza ambaye mtaa mzima tulimwita Kukhu, hakuniambia kitu mbele ya wageni. Asubuhi ya pili alikuja na bakuli la majivu ya jikoni, akainama, akageuza jani moja baada ya moja, akayanyunyiza chini ya jani, si juu, kwa vidole vitatu, namna mtu atiavyo chumvi. Nikamwuliza kwa nini chini. Akasema, "Ndiko wanakoishi. Wewe ungeenda kumtafuta mtu juu ya paa lake?"

Yale majivu yaliokoa mistari miwili. Lakini alichonifundisha Kukhu ni zaidi ya majivu; kabla ya siku hiyo nilikuwa nimekula sukuma wiki kwa miaka arobaini na sikuwa nimewahi kuutazama upande wa chini wa jani lake. Baadaye alinifundisha kuchuma mnavu: huvunji tawi, unabana ncha kwa kidole gumba na cha shahada, na ukiona ua unaliondoa, kwa sababu mnavu ukishachanua hudhani kazi yake imekwisha, ukaacha kutoa majani. Ukiubana kila wiki unaendelea kuchipua matawi mapya pembeni, na mashina kumi yanaweza kuitosha nyumba ndogo. Hapo tena ni ujuzi unaokuwa raha: vidole vyenyewe hupata akili, vikawa vinajua ncha laini na ncha iliyokomaa kabla macho hayajaamua.

Wasio na nafasi wasinitazame kwa huruma. Gunia la kilo 90, lile lile la mahindi, likijazwa udongo uliochanganywa na samadi, na katikati likawekwa nguzo ya mawe madogo ya kupitishia maji, likatobolewa mbavuni, hubeba miche ya sukuma wiki pande zote na juu yake vitunguu. Na maji yake ni yale yaliyooshea mchele. Wenye nafasi wanaotaka kujifunza kwa utaratibu hawana haja ya kwenda mbali, kwa kuwa hapo karibu na Kitale kuna Manor House, kituo cha kilimo kilichoanza mwaka 1984, ambacho kimewafundisha wengi kuchimba tuta kwa kina cha majembe mawili, yapata sentimita 60, na kutengeneza mboji kwa mabua ambayo sisi huyachoma moto. Nililichimba tuta la namna hiyo mwenyewe. Mgongo wangu ulilalamika siku nne. Karoti zilizotoka zilikuwa ndefu kiasi kwamba mjukuu wangu aliomba alale na moja.

Kuna bwana mmoja upande wa nyuma ambaye tangu nianze ametikisa kichwa, nami namheshimu kwa kutovumilia maneno matupu. Najua analotaka kuuliza: mzee mstaafu mwenye pensheni ana wakati wa kugeuza majani kwa vidole vitatu, lakini kijana wa boda boda atapata wapi wakati huo? Swali lake ni la haki. Jibu langu si kwamba kila mtu awe mkulima, maana hata mimi wimbi na vitunguu vyangu nanunua. Namwomba kijana huyo gunia moja tu, mlangoni, ambalo atalimwagia maji akitoka na kulitazama akirudi. Na hesabu ya fedha ataifanya mwenyewe, kwa kuwa anajua kuliko mimi ni mara ngapi kwa wiki hutoa shilingi za mboga.

Hoja ya nne ni ya mbegu, nayo nitaifupisha kwa sababu saa ya ukutani inanitazama. Mahindi chotara hununuliwa kila mwaka, kwa kuwa mbegu yake ikirudiwa kupandwa hupoteza nguvu zake, na huo ndio mkataba tulioingia tangu miaka ya 1960, wala haujatupa hasara. Lakini mboga za asili hazina mkataba huo. Shina moja la mgagani likiachwa likomae hutoa mbegu za kuwatosha majirani wote, na tangu zamani zilipita mkono kwa mkono, zikifungwa pembeni mwa leso, bila bei. Kwa miaka kadhaa sheria ya mbegu ilimtishia faini na kifungo auzaye au abadilishanaye mbegu zisizothibitishwa. Wakulima wadogo wakaenda mahakamani, na mwezi Novemba mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikatamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Sitasema mengi juu ya sheria, si fani yangu. Nasema tu kwamba Kukhu, aliyefariki mwaka juzi, Mungu amrehemu, aliniachia mbegu ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi iliyozibwa kwa gunzi, na sikuwa nimejua kwamba nilikuwa nikimiliki kitu cha kuogopewa.

Sasa niseme ya mbele, kisha niwaache mrudi kwenye meza zenu. Wazee wa hapa wanasema mvua itashuka wiki ya mwisho ya Machi. Wengine wanasema Aprili. Mimi namsikiliza mama wa saga, ambaye ameshaanza kutayarisha tuta. Tumepatana na walimu wa shule ya hapa kwamba kile kipande cha nyuma ya jiko, palipokuwa pakitupwa majivu, kitakuwa cha wanafunzi, na kila darasa litakuwa na mboga yake na litaandika jina lake katika lugha zote zinazosemwa darasani humo. Nimeombwa nirudi mwezi wa Juni kuonja, na nimekubali bila kusita.

Mkitoka, mtaona meza ndogo karibu na mlango, yenye bahasha za kaki. Zenye alama ya kalamu nyekundu ni mnavu: sieni katika kitalu, mpandikize miche ikiwa na majani manne au matano. Zisizo na alama ni mgagani, uzao wa ile chupa ya Kukhu. Huo haupendi kupandikizwa, kwa hiyo mwageni mbegu pale pale mtakapoula, na mfunike kwa udongo mwembamba sana. Mwenye haraka asijaribu kupanda leo kwa maji ya kopo. Mbegu mpya ya mgagani hulala miezi kadhaa baada ya kuvunwa na haiamshwi kwa kubembelezwa. Hizi nilizivuna mwezi wa Septemba, na kwa hesabu yangu zitakuwa zimemaliza usingizi wao mvua itakapofika. Bahasha moja kwa nyumba, tafadhali, na mwenye gorogoro iliyobonyea achukue mbili, ampelekee na jirani.